Ruhusa ya Sheria, Usajili wa Maktaba, Leseni ya Pamoja au Leseni Huria: Chuo Kikuu Kianzie Wapi?

Kwa miaka mingi usomaji wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umepitia steshenari. Mhadhiri huacha kabrasha lake katika duka lililo karibu na lango la chuo, wanafunzi hulipa kwa ukurasa, na madesa hayo hurithiwa mwaka hadi mwaka bila mtu kuuliza hakimiliki ya sura zilizomo ni ya nani. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro ya kisheria tangu mwanzo, lakini haukuacha kumbukumbu, kwa sababu karatasi haisemi nani aliinakili wala mara ngapi. Sura ileile ikipakiwa kwenye Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni wa chuo, seva huhifadhi jina la aliyeipakia, tarehe, na idadi ya wanafunzi walioipakua. Aliyenakili si mwenye duka tena. Ni chuo chenyewe, na ushahidi wote umo mikononi mwake.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa idara, mkutubi au mhadhiri anayetakiwa kuandaa kozi ya mtandaoni na kuamua wanafunzi wake watapataje kazi zilizoandikwa na watu wengine. Njia halali zilizopo ni nne: kutegemea ruhusa ambazo sheria yenyewe imezitoa, kutumia machapisho ambayo maktaba imeyalipia, kulipa leseni ya pamoja kwa chama kinachowawakilisha waandishi na wachapishaji, au kutumia kazi ambazo wenyewe wameziachilia kwa leseni huria. Nitazipima kwa maswali yanayoumiza kichwa zaidi: zinagharimu nini, zinampa mhadhiri uhakika kiasi gani, kinabaki nini siku malipo yakikoma, na je, mwanafunzi anayesoma kwa simu akiwa Sumbawanga au Lodwar atanufaika sawa na aliye kampasini?

Niseme mapema kwamba kosa ninaloliona katika sera nyingi za vyuo ni kutafuta njia moja ya chuo kizima. Makala ya jarida la tiba, tamthilia ya Kiswahili ya mwandishi aliye hai, na noti za mhadhiri mwenyewe ni kazi tatu zenye uchumi tofauti, na njia inayofaa moja yaweza kuwa dhuluma kwa nyingine.

Ruhusa ya sheria: ni bure, lakini ina mipaka isiyopimika

Hakuna sheria moja ya hakimiliki ya Afrika Mashariki. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, Kenya ina sheria ya mwaka 2001 iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, na Uganda ina ya mwaka 2006. Bara, Kenya na Uganda hulinda maandishi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo kitabu cha mtu aliyefariki mwaka 1980 kitaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2030, hata kama hakijachapishwa tena tangu wakati huo na hakipatikani dukani kwa bei yoyote.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba nchi maskini zimesamehewa. Ni kweli kwamba nchi zilizo katika kundi la maendeleo duni, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wa shirika hilo kuhusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu. Hata hivyo, muda huo ni wa serikali kutunga sheria, na serikali hizo zilikwisha kuzitunga. Mhadhiri wa Makerere au wa Dodoma anabanwa na sheria ya nchi yake, na Kenya haimo kabisa katika kundi hilo.

Ruhusa zenyewe zimeandikwa kwa namna tatu tofauti. Sheria ya Kenya inataja matumizi ya haki, yaani matumizi ya kiasi yasiyohitaji idhini ya mwenye kazi, kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na habari, kisha inaongeza ruhusa mahususi kwa elimu: mkusanyiko ulioandaliwa kwa ajili ya shule au chuo kikuu unaweza kubeba vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka katika kazi moja, mradi jina la kazi na la mtunzi yatajwe. Sheria ya Tanzania Bara inaruhusu kazi itumike kama kielelezo cha kufundishia kwa kiasi kinacholingana na lengo na kwa kutaja chanzo. Uganda imechukua mkondo wa Marekani, ambapo jaji hupima mambo manne: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo.

Hakuna mojawapo inayotaja asilimia. Linganisha na Ujerumani, ambako tangu Machi 2018 sheria inaruhusu chuo kuwapa wanafunzi wa kozi hadi asilimia 15 ya kitabu, na makala nzima moja moja za majarida ya kitaaluma, huku fidia ya jumla ikilipwa kupitia chama cha waandishi na wachapishaji. Mkutubi wa Ujerumani anahitaji kikokotoo. Mwenzake wa Nairobi anahitaji wakili, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwambia kwa yakini kifungu kifupi kinaishia ukurasa wa ngapi.

Mahakama za nje zimetupa mwanga, ingawa hukumu zake hazitufungi. Mwaka 2012 Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis walilishtaki duka la Rameshwari Photocopy Services lililo ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa kuuza makabrasha ya kozi yaliyotokana na vitabu vyao. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kunakili kwa ajili ya mafundisho kumeruhusiwa na sheria ya India, na haijalishi kama mashine iko maktabani au kwa wakala wa chuo. Jopo la rufaa lilikubaliana na msimamo huo Desemba mwaka huohuo, likirudisha baadhi ya masuala ya ushahidi kwa jaji, na wachapishaji wakaiondoa kesi mwaka 2017. Nimesikia hukumu hiyo ikitajwa kana kwamba inawalinda wenye steshenari wa kwetu. Tahadhari inahitajika hapa, maana kifungu cha India kinamtaja moja kwa moja mwalimu au mwanafunzi anayenakili katika mafundisho na hakina ukomo wa vifungu viwili kama kile cha Kenya.

Kesi iliyo karibu zaidi na Moodle ni ya Marekani. Mwaka 2008 wachapishaji watatu walikishtaki Chuo Kikuu cha Georgia State kwa sababu maktaba yake ilikuwa ikiwawekea wanafunzi sura za vitabu mtandaoni. Mahakama ya kwanza ilitumia kipimo cha asilimia 10 au sura moja, lakini mwaka 2014 mahakama ya rufani ilikikataa na kusema kila kazi ipimwe peke yake. Shauri lilimalizika mwaka 2020, miaka 12 baada ya kufunguliwa, na madai mengi ya wachapishaji hayakufaulu. Chuo kilishinda kwa kiasi kikubwa, ila jiulize ni chuo gani cha kwetu kinachoweza kuwalipa mawakili kwa miaka 12 ili kuthibitisha kwamba sura moja ilikuwa halali.

Kwa hiyo ruhusa ya sheria ni haki ya kweli, inayotakiwa kutumiwa bila woga pale kiasi kinapokuwa kidogo na matumizi yanapokuwa ya darasa: sura moja, makala moja, mashairi machache, jedwali na maelezo yake. Masharti ya kujilinda si magumu. Weka kazi nyuma ya nywila, wape waliosajiliwa katika kozi hiyo pekee, taja mtunzi na chapisho, na uiondoe muhula ukiisha. Njia hii haibebi kitabu kizima, hata kama kila wiki unaweka sura moja hadi kitabu kimalizike. Na lile tamko la jalada la mbele, kwamba nakala hii ni kwa matumizi ya elimu tu, halina nguvu yoyote ya kisheria. Linaonyesha tu kwamba aliyenakili alijua kuna swali.

Kwa wanafunzi wasioona, hesabu ni tofauti na ni nyepesi zaidi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga nao, unataka sheria za nchi ziruhusu kazi nzima igeuzwe kuwa ya nukta nundu, ya sauti au ya kidijitali inayosomeka kwa programu zao. Chuo kinachosita kumwandalia mwanafunzi asiyeona kitabu kizima kwa kuhofia hakimiliki kisome kwanza mkataba huo na sheria ya nchi yake ilivyoutekeleza.

Usajili wa maktaba: uhakika mkubwa, umiliki mdogo

Vyuo vya Kenya hununua majarida na hifadhidata kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, vya Tanzania kupitia COTUL na vya Uganda kupitia CUUL, kwa sababu chuo kimoja kikienda peke yake kwa mchapishaji mkubwa hukutana na bei ambayo bajeti yake haiwezi kuigusa. Zaidi ya hapo kuna Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na Hinari kwa majarida ya afya, ukafuatiwa na AGORA kwa kilimo na mingineyo kwa mazingira, teknolojia na sheria, ambapo taasisi za nchi zenye kipato cha chini hupata machapisho bila malipo au kwa ada ndogo.

Kwa mhadhiri, hii ndiyo njia yenye usalama mkubwa kuliko zote kwa makala za kimataifa, kwa sharti moja linalopuuzwa kila siku: weka kiungo, usipakie faili. Anayepakua makala kutoka hifadhidata ya maktaba na kuipakia upya kwenye Moodle anaweza kuwa amevunja mkataba ambao chuo chake kimeulipia, ilhali kiungo kinachompeleka mwanafunzi kwenye makala ileile hakina tatizo hilo. Kiungo pia huisaidia maktaba kuonyesha kwamba jarida linasomwa, na takwimu hizo ndizo zitakazolitetea wakati bajeti itakapopunguzwa.

Udhaifu wake ni kwamba mkataba waweza kumnyima msomaji kile ambacho sheria ilikuwa imempa. Kitabu cha karatasi kikinunuliwa, maktaba inaweza kukiazima kwa miaka 30. Kitabu pepe chaweza kuuzwa kwa sharti la msomaji mmoja kwa wakati mmoja, jambo lisilo na maana kwa darasa la watu 300 wiki moja kabla ya mtihani, na kufuli ya kidijitali iliyowekwa na mchapishaji hairuhusiwi kuvunjwa chini ya sheria ya Kenya. Usajili wa majarida mara nyingi ni wa kukodi: malipo yakikoma, hata matoleo ya miaka mliyolipia yanaweza kufungwa. Kabla ya kusaini, mkutubi aulize mambo matatu, nayo ni haki ya kuendelea kusoma yaliyokwisha kulipiwa, matumizi nje ya kampasi, na ruhusa ya kuweka dondoo katika makabrasha ya kozi. Wakala wa mauzo akijibu kwa mdomo kwamba hayo yote yamo, aonyeshe kifungu.

Suala la nje ya kampasi lina uzito wa pekee kwetu. Njia nyingi za kuingia hutegemea mtandao wa chuo, na mwanafunzi wa masomo ya jioni au wa kituo cha mkoani cha Chuo Kikuu Huria hukwama kwenye ukurasa unaomdai dola 40 kwa makala ambayo chuo chake kimekwisha kuilipia. Akikwama mara mbili, anakwenda Sci-Hub, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011 ambayo hutoa makala bila idhini ya wachapishaji, na ambayo mahakama za Marekani zimeihukumu mara zaidi ya moja. Sitaipendekeza, ila ni haki kusema kwamba vyuo vingi vingepunguza matumizi yake kwa kutengeneza tu mfumo wa kuingia kutoka nyumbani unaofanya kazi kwenye simu.

Leseni ya pamoja: inafaa mahali isipofikiriwa

Katika njia hii chuo hulipa ada kwa chama kinachokusanya mirabaha kwa niaba ya waandishi na wachapishaji, nacho huruhusiwa kunakili sehemu za kazi za wanachama wote bila kumwandikia kila mmoja. Kenya kazi hiyo imekuwa ya KOPIKEN, chini ya usimamizi wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Zanzibar kuna COSOZA. Bara ilikuwa kazi ya COSOTA, lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 COSOTA ni ofisi ya hakimiliki inayovisimamia vyama vya kukusanya mirabaha. Kabla ya kulipa, uliza ni nani kwa sasa mwenye idhini halali ya kukusanya kwa ajili ya maandishi, kwa kuwa idhini za vyama hivi huwa na muda wake na huisha.

Kanada inaonyesha jinsi njia hii inavyoweza kupanda bei. Vyuo vyake vilikuwa vikilipa chama cha Access Copyright dola 3.38 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na senti 10 kwa kila ukurasa wa makabrasha ya kozi. Mwaka 2010 chama hicho kilipendekeza dola 45 kwa mwanafunzi. Vyuo vingi vilijitoa, kikiwemo cha York, vikisema vitategemea ruhusa ya sheria na usajili wa maktaba. Tarehe 30 Julai 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba York haikulazimika kulipa ada ambayo haikuikubali, lakini ilikataa kutamka kuwa miongozo yake ya kunakili ilikuwa halali. Hukumu hiyo ina pande mbili, na wanaoinukuu huwa wanachagua mmoja.

Kwa makala za kimataifa leseni ya pamoja haina faida kubwa, kwa kuwa maktaba tayari inazilipia kwa usajili, na kulipa mara mbili kwa kazi ileile ni upotevu. Lakini zingatia idara ya Kiswahili. Orodha yake ya usomaji ina riwaya, tamthilia na diwani za waandishi walio hai, zilizochapishwa Nairobi au Dar es Salaam na wachapishaji ambao soko lao kuu ni hao hao wanafunzi. Mwandishi wa makala ya sayansi hakupata malipo kwa makala yake na anafurahi isomwe na kila mtu. Mwandishi wa tamthilia anaishi, kwa sehemu, kwa mrabaha wa nakala zinazouzwa. Nakala tepe ya tamthilia nzima ikizunguka katika kundi la WhatsApp la darasa la watu 300, soko la mwaka huo limekwisha. Kipimo cha nne cha sheria ya Uganda, athari kwa soko, kinaanguka hapa kwa uzito wote, na sidhani kama jaji yeyote angeita hayo matumizi ya haki.

Kwa kazi hizo leseni ya pamoja, au hata makubaliano ya moja kwa moja kati ya idara na mchapishaji kwa bei ya wanafunzi, ni njia bora kuliko zote nne. Inashangaza kwamba vyuo vinavyolipa mamilioni kwa hifadhidata za Ulaya huona ugumu kulipa kiasi kidogo kwa mchapishaji aliye umbali wa safari ya daladala.

Leseni huria: haina ada, ina jasho

Leseni za Creative Commons zilitoka kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Mwenye hakimiliki habaki bila haki. Anatangaza mapema ruhusa anazozitoa kwa kila mtu, na sharti linalopatikana katika leseni zote sita ni kutaja jina lake. Kwa kozi ya mtandaoni hakuna kazi iliyo rahisi kutumia kuliko hii: unaipakia, unaichapisha, unaituma kwa bluetooth kwa asiye na bando, na muhula ukiisha huiondoi. UNESCO ilipitisha pendekezo lake kuhusu rasilimali huria za elimu mwaka 2019, na majarida mengi ya Afrika sasa hutoka kwa leseni hizi.

Tatizo la kwanza ni maudhui. Vitabu huria vya hisabati, takwimu na fizikia ni vingi na ni vizuri. Vya sheria ya ardhi ya Tanzania, historia ya pwani au uandishi wa habari wa Kenya ni vichache mno, na itabidi mtu akae chini aviandike. Kazi hiyo ni ya miezi na haihesabiwi katika vigezo vingi vya kupandishwa cheo kama inavyohesabiwa makala ya jarida. Menejimenti inayosema leseni huria ni bure haijamuuliza mhadhiri aliyeandika moduli.

Tatizo la pili ni kuchagua leseni bila kusoma masharti. Chuo kinapotaka kuwa mwangalifu huchagua ile yenye masharti mengi kuliko zote, isiyoruhusu biashara wala mabadiliko. Sharti la kukataza mabadiliko, lenye alama ya ND, linazuia pia kusambaza tafsiri. Tasnifu ya Kiingereza kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria iliyowekwa chini ya alama hiyo haiwezi kutafsiriwa na kusambazwa kwa Kiswahili kwa wavuvi iliyowahusu bila kuomba idhini upya. Kwa bara letu sioni sababu ya chuo kuifanya leseni hiyo kuwa ya kawaida.

Sharti la kukataza biashara, lenye alama ya NC, lina mvutano wake. Je, steshenari inayotoza shilingi kwa ukurasa imefanya biashara? Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya shirikisho la Marekani iliyoko New York, katika shauri la Great Minds, mchapishaji wa vifaa vya kufundishia, dhidi ya FedEx, kampuni yenye maduka ya kunakili, iliona kwamba duka linalonakili kwa kuagizwa na shule halivunji sharti hilo, kwa kuwa anayetumia leseni ni shule. Hapa kwetu swali hilo halijapata hukumu ya kuliegemea, na duka linalochapisha nakala 200 kwa hiari yake na kuziuza haliko katika hali ileile. Mhadhiri anayetaka madesa yake yafike mbali bila maswali achague leseni ya kutaja jina tu, au ile inayotaka kazi tanzu, yaani zinazotokana na yake, zibaki huria pia.

Kazi za chuo chenyewe: kwanza mjue ni za nani

Huwezi kuachilia kwa leseni huria kitu usichokimiliki, na hapa ndipo sera nyingi zinapopwaya. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kazi iliyofanywa katika ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri isipokuwa kuna makubaliano mengine, na ya Uganda inafuata mwelekeo huohuo. Video za mihadhara zilizorekodiwa kwa haraka mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, ziliacha swali ambalo mikataba mingi ya ajira haikuwa imelitarajia: mhadhiri akihamia chuo kingine, chuo cha kwanza kiendelee kufundisha kwa sura na sauti yake? Jibu la busara, kwa maoni yangu, ni kumwachia mhadhiri hakimiliki na kukipa chuo leseni ya kudumu ya kutumia kazi kwa kufundishia wanafunzi wake, na jambo hilo liandikwe kabla ya kurekodi.

Mwanafunzi si mwajiriwa. Tasnifu yake ni yake, isipokuwa pale alipoajiriwa na mradi au alipokubali vingine kwa maandishi, na chuo kinachotaka kuiweka katika hifadhi yake ya kidijitali kinahitaji ruhusa yake iliyosainiwa. Tasnifu yenye uvumbuzi ina hatari ya ziada, kwani ikiwekwa wazi kabla ya ombi la hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, kuwasilishwa BRELA ya Tanzania, KIPI ya Kenya au ARIPO ya kanda ya Afrika, upya wa uvumbuzi unaweza kuwa umepotea, hasa kwa anayekusudia kuomba Ulaya. Kuifungia kwa mwaka mmoja kunatosha kwa kawaida. Kuzifungia tasnifu zote za kitivo kwa hofu hiyo ni kuwaadhibu wasomaji kwa ajili ya wachache.

Ipi kwa kazi ipi

Kama ningelazimika kumshauri mkuu wa idara leo, ningemwambia apitie orodha yake ya usomaji kazi kwa kazi. Makala ya jarida iliyo katika hifadhidata ya maktaba iwekewe kiungo. Isipokuwemo, atafute kwanza nakala ambayo mwandishi ameiweka katika hifadhi ya chuo chake kwa ruhusa ya mchapishaji. Zipo nyingi kuliko inavyodhaniwa. Sura moja ya kitabu ambacho maktaba haina iwekwe chini ya ruhusa ya sheria, kwa masharti niliyoyataja. Kitabu kinachosomwa chote kinunuliwe, hata kama ni nakala kumi za dawati la akiba, zinazosomewa maktabani kwa zamu. Fasihi ya Kiswahili na vitabu vya wachapishaji wa nyumbani vilipiwe kwa leseni ya pamoja au kwa makubaliano. Kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi wengi, ambayo maudhui yake hayabadiliki sana, ndiyo ya kuandikiwa kitabu huria, kwa sababu hapo jasho la mara moja linaokoa gharama za miaka mingi.

Lipo jambo moja jipya la kuangalia katika mikataba inayosainiwa sasa. Mwaka 2024 Informa, kampuni inayomiliki Taylor & Francis, ilitangaza makubaliano na Microsoft ya kutumia maudhui yake katika akili mnemba, na baadhi ya waandishi walilalamika kwamba hawakuulizwa. Waliokuwa wamekabidhi hakimiliki yote hawakuwa na la kufanya. Mhadhiri anayetumiwa fomu ya kuhamisha haki kwa mchapishaji anaweza kuomba abaki na hakimiliki na atoe leseni tu, na ofisi ya utafiti ya chuo inaweza kuandaa nyongeza ya ukurasa mmoja ya kuambatisha kwenye kila fomu ya namna hiyo. Maktaba nazo, zinapofanya upya usajili, zisome vifungu vya akili mnemba kwa uangalifu uleule, kwa sababu kifungu kinachopiga marufuku matumizi yote ya programu hizo kinaweza pia kumnyima mtafiti wa isimu haki ya kuchambua maneno ya makala 10,000 kwa kompyuta.